Kwa nini SSD ya GB 960 inauzwa ghali kuliko ya TB 1

Mama mmoja mwenye ofisi ya uhasibu hapa Dar es Salaam, mteja wangu wa miaka mingi, aliweka mezani SSD mbili, diski za kutunza data kwenye chipu badala ya sahani inayozunguka, na karatasi ya bei pembeni. Zote za inchi 2.5, zote za kiunganishi cha SATA, zote unene wa milimita 7. Moja imeandikwa TB 1, yaani GB 1,000. Nyingine imeandikwa GB 960, na bei yake inakaribia mara mbili ya mwenzake. Akaniuliza: "Fundi, yaani nilipe zaidi nipate pungufu?"

Swali hilo ukilifuata hadi mwisho utakuwa umepita karibu kila kitu kinachotenganisha SSD ya kawaida, ile tunayoweka kwenye laptopu, na SSD iliyotengenezwa kwa ajili ya seva. Nimeona ofisi ndogo zikikosea pande zote mbili. Moja inaweka diski ya bei ya chini kabisa chini ya kanzidata (database) ya malipo. Nyingine inalipia diski ya kiwango cha benki ili itunze barua za Word. Kwa hiyo nilivuta kiti nikamweleza, na hapa naeleza kwa urefu zaidi.

Gigabaiti 40 zimekwenda wapi

Hazijapotea. Zimo humohumo ndani, ila diski haikuonyeshi.

SSD hutunza data kwenye chipu za flashi aina ya NAND, uvumbuzi wa Mjapani Fujio Masuoka na wenzake wa Toshiba katika miaka ya 1980. Chipu hizi zina tabia moja inayoeleza mengi yatakayofuata. Chukulia ubao wa darasani unaoweza kuuandika mstari mmoja mmoja, lakini dasta yake ni kubwa kama ubao wenyewe: ukifuta, umefuta wote. Mstari wa katikati ukipitwa na wakati huwezi kuufuta peke yake, wala kuandika juu yake. Unaandika toleo jipya mahali pengine penye nafasi na kuweka alama kwamba ule wa zamani haufai tena. Baada ya muda kila ubao una mistari iliyokufa iliyochanganyika na iliyo hai. Hapo inabidi uchague ubao mmoja, unakili mistari iliyo hai kwenye ubao mtupu, ndipo upige dasta.

Ndani ya diski, mstari huo ni ukurasa wa kilobaiti chache na ubao ni bloku ya megabaiti kadhaa. Mwalimu anayehangaika na dasta ni kontrola, prosesa ndogo inayoendesha SSD. Kazi yake ya kunakili na kufuta huioni, lakini inakula muda na inachakaza seli, vyumba vidogo vya chipu vinavyoshika data, kwa kuwa kila seli huvumilia kufutwa idadi fulani tu ya mara. Wewe ukiandika gigabaiti 1, chipu zinaweza kuandikwa gigabaiti 2 au 3, na zaidi ya hapo kama unaandika vipande vidogovidogo vilivyotawanyika. Kanzidata huandika hivyohivyo.

Dawa yake ni kuwa na mbao tupu nyingi za akiba. Ujazo wa chipu huhesabiwa kwa vizio vya 1,024, kwa hiyo diski inayouzwa kama TB 1 kwa kawaida ina takriban GB 1,100 ndani. Mtengenezaji wa diski ya kawaida anakukabidhi 1,000 na kubakiza sehemu inayolingana na asilimia 10 ya ulichopewa. Wa diski ya seva anakukabidhi 960, na akiba inafika karibu asilimia 15. Wapo wanaokukabidhi GB 800 tu kutoka kwenye chipu za kiasi kilekile, kwa kazi za kuandika usiku na mchana. Akiba hiyo ndiyo inayoiwezesha diski ya seva kwenda mwendo uleule saa ya kwanza na saa ya ishirini.

Diski ya kawaida imetengenezwa kwa mtu anayefanya kazi kwa vipindi: anafungua programu, ananakili filamu, anapumzika. Sehemu ya chipu zake hutumika kwa njia ya haraka, biti moja kwa kila seli badala ya tatu au nne, na data huhamishiwa mahali pake pa kudumu mtumiaji anapotulia. Samsung 870 QVO ya TB 1, ambayo ni ya biti nne kwa seli, ina GB 42 za eneo hilo la haraka. Likijaa, kasi ya kuandika inashuka kutoka megabaiti 530 kwa sekunde hadi 80. Diski nyingi za zamani za kuzunguka zinaipita hapo. Kwenye kompyuta ya mezani unaweza kumaliza mwaka bila kulijua hilo. Kwenye seva utalijua usiku unaporejesha nakala rudufu ya GB 300: kazi ambayo ingechukua dakika kumi itakukeshesha karibu saa nzima, na asubuhi wafanyakazi wanabisha mlango.

Uchakavu, namba inayotisha kupita kiasi

Yeyote anayeanza kusoma habari za SSD hukutana na herufi TBW na kushikwa na hofu. Ni idadi ya terabaiti ambazo mtengenezaji anakubali ziandikwe kwenye diski ndani ya waranti yake. Diski za seva hupimwa zaidi kwa DWPD, yaani unaweza kuijaza diski nzima mara ngapi kwa siku, kila siku, hadi waranti iishe. Samsung 870 EVO ya TB 1 ina TBW 600 kwa miaka 5. Kingston DC600M ya GB 960, ambayo ni ya seva, ina DWPD 1 kwa miaka 5, na ukiigeuza unapata TBW 1,752. Karibu mara tatu. Ukiishia hapo utaona kesi imekwisha.

Piga sasa hesabu ya ofisi yenyewe. TBW 600 ukiigawa kwa siku 1,825 unapata GB 329 kwa siku. Seva ya mama huyu, yenye programu ya uhasibu na mafaili ya pamoja ya watu 11, nilipoipima ilikuwa ikiandika chini ya GB 30 kwa siku. Kwa mwendo huo, TBW 600 zingemchukua zaidi ya miaka 50. Hata Kingston A400 ya GB 240, moja ya diski za bei ya chini utakazozikuta madukani, ina TBW 80 kwa miaka 3, sawa na GB 73 kwa siku.

Kupima ni rahisi na sijui kwa nini watu hawapimi. Kwenye Linux andika amri ya smartctl -a ukitaja diski yako. Kwenye Windows fungua CrystalDiskInfo. Tafuta jumla ya data iliyoandikwa tangu diski ianze kazi, iandike kwenye daftari, rudi baada ya wiki mbili uandike tena, toa, gawanya kwa 14. Baadhi ya diski hutoa jumla hiyo kwa sekta za baiti 512, basi zidisha kwanza. Ukishaijua namba yako, nusu ya ubishi kuhusu SSD unakwisha hapohapo.

Kuna kitu kimoja ambacho hubadilisha hesabu hii ghafla, na ofisi nyingi zinacho bila kukifikiria: kamera za ulinzi. Kamera 16 zinazotuma megabiti 4 kwa sekunde kila moja zinatoa megabiti 64, ambazo ni megabaiti 8 kwa sekunde. Kwa siku nzima ni GB 691. Ile 870 EVO ya TBW 600 itafika kikomo chake baada ya siku 868, kama miaka miwili na miezi minne. Mama alikuwa na mpango wa kuhifadhi picha za kamera zake kwenye seva hiyohiyo, kwenye diski hizohizo. Nilimkatalia kabisa. Picha za kamera ni kazi ya diski ya kuzunguka, ambayo haichakai kwa kuandikwa namna hiyo na bei yake kwa kila terabaiti ni ndogo.

Umeme unapokatika

Basi kama uchakavu hauwatishi wengi, pesa ya ziada inanunua nini? Kwa maoni yangu inanunua hasa kapasita. Ukifungua SSD ya seva utaziona pembeni mwa bodi, safu ya vipande vidogo vinavyotunza chaji kidogo ya umeme. Chaji hiyo haidumu hata sekunde nzima, lakini inatosha kontrola kumaliza sentensi iliyokuwa ikiiandika.

Programu ya uhasibu inaposema ankara imehifadhiwa, nyuma yake kuna mnyororo wa ahadi. Programu imeambiwa na kanzidata, kanzidata imeambiwa na mfumo endeshi, mfumo endeshi umeambiwa na diski. SSD nyingi zina RAM ndogo ndani yake, ambamo data hufikia kwanza kabla ya kupelekwa kwenye chipu. Diski ikijibu kwamba imeandika huku data bado iko kwenye RAM hiyo, mnyororo wote unaning'inia kwenye waya wa umeme. Umeme ukikatika wakati huo, ankara iliyokwisha kuchapishwa na kukabidhiwa mteja haimo vitabuni.

Hasara hiyo ni ndogo ukilinganisha na nyingine mbili. Kwa kuwa mistari huhamahama kutoka ubao hadi ubao, kontrola lazima iwe na daftari la anwani linaloonyesha kila kipande cha data kiko wapi leo. Daftari hilo nalo hubadilishwa kwenye RAM na kuandikwa kwenye chipu kila baada ya muda. Likiharibika, data inaweza kuwa nzima kabisa kwenye chipu lakini hakuna anayejua iko wapi, na diski inakataa hata kutambulika na kompyuta. Hasara ya tatu huwashangaza watu: kwenye chipu za biti mbili, tatu au nne kwa seli, kuandika biti mpya kunaigusa seli ambayo huenda tayari ina biti za zamani. Umeme ukikatika katikati ya tendo hilo unaweza kuharibu data iliyoandikwa jana, ambayo hakuna aliyekuwa akiigusa.

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State na maabara za HP walichukua SSD 15 kutoka kwa watengenezaji watano na kuzikatia umeme kwa makusudi, tena na tena, zikiwa kazini. Diski 13 kati ya 15 zilionyesha kasoro: data iliyoharibika, data iliyoandikwa nusu, data iliyopotea baada ya diski kudai imeihifadhi. Diski zimeboreka tangu hapo. Lakini kwa mtu anayefanya kazi mahali ambapo umeme unaweza kukatika mara mbili kwa siku na kurudi kwa kishindo, nadhani huo ndio utafiti wa kwanza wa kuujua.

Kapasita zina faida ya pili, na hii ndiyo inayowafurahisha watumiaji wenyewe. Kanzidata kama PostgreSQL, MySQL au SQL Server haziridhiki na ahadi ya juujuu. Kila muamala unapokamilika, huilazimisha diski: kiandike kwenye chipu, usinijibu mpaka kimekaa. SSD ya kawaida iliyo mwaminifu hutii, na kutii kunachukua milisekunde nzima au zaidi kila mara. Diski iliyotangazwa kuandika mara 80,000 kwa sekunde inaweza kubaki na mamia tu. SSD yenye kapasita hujibu ndani ya makumi ya mikrosekunde, kwa sababu kwake data iliyofika kwenye RAM tayari iko salama. Hata umeme ukienda, chaji ya kapasita itamalizia kazi.

Niliwahi kuitwa kwenye stoo moja ya dawa za jumla. Malalamiko yao: mfumo ni mzito siku za kufunga mwezi, "na SSD tumeshaweka, fundi." RAM ilitosha, prosesa ilikuwa imelala, mtandao ulikuwa mtupu. Kila kitu kilikuwa kikiisubiri diski ijibu muamala mmoja baada ya mwingine. Tulihamishia kanzidata kwenye SSD ya seva, ya SATA vilevile, ambayo kasi yake kwenye kijikaratasi cha maelezo haikuizidi ile ya kwanza. Kufunga mwezi kukatoka saa moja na nusu hadi chini ya dakika ishirini. Megabaiti kwa sekunde zilizoandikwa kwenye boksi hazisemi lolote kuhusu kazi ya aina hii.

Mtu ataniambia: mimi nina UPS, ile betri ya kushikilia umeme unapokatika. Vizuri, na uendelee kuwa nayo, tena iunganishe na seva kwa waya wa USB na uweke programu itakayoizima seva taratibu chaji ikikaribia kuisha. Bila hivyo UPS inachelewesha ajali kwa dakika kumi tu. Lakini betri ya UPS hufa kimyakimya, na joto la pwani linaiwahisha. Power supply ya seva ikiungua, UPS haina la kufanya kwa sababu iko nyuma yake. Mfanyakazi wa usafi akivuta waya, au kijana wa ofisini akiona seva imeganda na kushikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde tano, diski inakatikiwa umeme vilevile. Kapasita ziko ndani ya diski yenyewe, baada ya vyote hivyo.

Onyo moja hapa, kwa kuwa nimelikuta zaidi ya mara moja. Windows ina kisanduku, kwenye sifa za diski, cha kuzima zile amri za kulazimisha data iandikwe. Ukikitia tiki kwenye diski ya kawaida, mfumo unakuwa mwepesi ajabu na fundi anasifiwa. Alichofanya ni kuiondoa ahadi yenyewe. Kisanduku hicho kiache kama kilivyo.

Joto na miezi mitatu

Taasisi ya viwango ya JEDEC ilitoa mwaka 2010 kiwango kinachoitwa JESD218, ambacho kinaeleza madaraja haya mawili hupimwa vipi. Diski ya kawaida hupimwa kwa kudhani inafanya kazi saa 8 kwa siku kwenye joto la nyuzi 40. Ya seva, saa 24 kwenye nyuzi 55. Seva yako ikiwa kwenye kabati chini ya ngazi, mwezi wa pili, AC imezimwa wikiendi nzima, unajua mwenyewe iko upande gani wa mstari huo. Kiwango hicho pia kinaruhusu diski ya kawaida kosa moja lisilosomeka katika kila biti milioni milioni elfu, ambazo ni takriban TB 125 za kusomwa. Ya seva lazima iwe bora mara kumi.

Lakini kuna kipengele kimoja ambacho diski ya kawaida inashinda. Ikishatumika hadi kikomo chake cha uchakavu, inatakiwa iendelee kutunza data mwaka mzima ikiwa imezimwa, kwenye nyuzi 30. Ya seva inatakiwa miezi 3 tu, kwenye nyuzi 40, kwa kuwa inadhaniwa haizimwi. Diski mpya hukaa muda mrefu zaidi ya hapo. Hata hivyo, SSD ya seva iliyostaafu baada ya miaka ya kazi usiifanye kasiki ya nyaraka za kodi na kuifungia kabatini. Kwa nyaraka za kukaa kabatini nunua diski ya kuzunguka.

Saa 32,768

Nisieleweke kwamba diski ya seva ni hirizi. Novemba 2019 kampuni ya HPE iliwatangazia wateja wake kwamba baadhi ya SSD zake za SAS, kiunganishi cha diski za seva za daraja la juu, zingekufa zikitimiza saa 32,768 tangu ziwashwe mara ya kwanza: miaka 3, siku 270 na saa 8. Namba hiyo ni 2 kwa kipeo cha 15. Kosa lilikuwa kwenye fimwea (firmware), programu inayoendesha diski kutoka ndani, na baada ya kufa, diski na data yake visingeweza kurudishwa. Dawa ilikuwa kuwahi kuweka fimwea mpya kabla ya saa hiyo.

Sasa fikiria ofisi iliyonunua diski mbili za aina hiyo siku moja na kuzifunga pamoja kwenye RAID 1, moja ikiwa kivuli cha nyingine. Zimewashwa dakika moja, zitakufa dakika moja. Tangu nisome tangazo lile nimekuwa nikinunua pacha kwa tarehe tofauti, au kutoka kampuni mbili tofauti zenye ujazo sawa, na naangalia fimwea mpya kila robo mwaka. RAID inakusaidia diski moja ikifa. Haikusaidii mtu akifuta folda, virusi wakifunga mafaili, au wezi wakibeba seva nzima. Nakala rudufu ya kila usiku, na nyingine inayotoka nje ya jengo, inatangulia uamuzi wowote kuhusu aina ya SSD. Ofisi isiyo na nakala rudufu nikiikuta inauliza bei ya diski za seva, naishauri pesa hiyo ianzie kwenye nakala.

Bei ya juu nayo hainunui uimara kila mara. Mwaka 2016 Bianca Schroeder wa Chuo Kikuu cha Toronto na wahandisi wa Google walichapisha matokeo ya miaka sita ya SSD zilizokuwa kazini kwenye vituo vya data vya kampuni hiyo. Chipu za biti moja kwa seli, zilizouzwa ghali kwa sifa ya kudumu, hazikuonekana kuwa za kuaminika kuliko za biti mbili katika kiwango cha matumizi kilichokuwepo.

Ukifika dukani

Kitu cha kutafuta kwenye karatasi ya maelezo ni herufi PLP (power loss protection, kinga ya umeme kukatika), na uthibitisho kwamba kuna kapasita zinazolinda hata data iliyo njiani. Baadhi ya diski za kawaida hutangaza kinga ya umeme huku zikimaanisha kwamba data ya zamani haitaharibika. Iliyo kwenye RAM inakwenda. Samsung PM893, Kingston DC600M na Micron 5400 ni za SATA, zinaingia kwenye kompyuta yoyote yenye tundu la SATA, na zote zina kapasita. Kwa ofisi ndogo sioni haja ya kwenda mbali kuliko hapo.

Ukitaka ya M.2, ile nyembamba inayochomekwa moja kwa moja kwenye motherboard, pima kwanza. Nyingi za seva zina urefu wa milimita 110 kwa sababu kapasita zinahitaji mahali pa kukaa, na motherboard nyingi za kompyuta za mezani zina nafasi ya milimita 80. Zipo za milimita 80 zenye kapasita, kama Kingston DC1000B, lakini hiyo imekusudiwa zaidi kubeba mfumo endeshi.

Diski za mtumba zinastahili neno. SSD ya seva iliyotolewa kwenye kituo cha data ikiwa imechakaa asilimia 15 au 20 naiamini chini ya kanzidata ndogo kuliko mpya ya bei ya chini isiyo na kapasita, mradi ziwe mbili na nakala rudufu iwepo. Ila kagua. Ya SAS haiingii kwenye tundu la SATA hata ukiilazimisha. Zilizotoka kwenye makabati makubwa ya hifadhi huwa na sekta za baiti 520 badala ya 512, na Windows haitazitumia mpaka zipangwe upya. Soma SMART, kumbukumbu ya afya ambayo diski hujiandikia, mbele ya muuzaji: saa ilizowaka, asilimia ya uchakavu, jumla iliyoandikwa. Diski ya modeli ya 2016 inayodai saa 3 za kazi, mrudishie. Baadhi ya diski za Intel hujipima kapasita zenyewe na kuandika matokeo humohumo kwenye SMART. Hayo nayo yasome, maana kapasita pia huzeeka.

Na SSD ya kawaida inatosha lini? Inatosha mara nyingi. Seva inayotunza mafaili ya ofisi, picha zilizoskaniwa, PDF na lahajedwali haina miamala mia kwa dakika. Weka mbili pacha, chagua zenye RAM ndani na biti tatu kwa seli, acha asilimia 15 ya nafasi bila kuigawa ili kontrola ipate mbao tupu, weka UPS inayoongea na seva. Ofisi ya wakili mmoja ninayemhudumia inakwenda hivyo na sijaona sababu ya kumgusa mfukoni.

Seva ya mama ilikuwa na mambo mawili ndani yake, kwa hiyo tuliligawa jambo. Kanzidata ya uhasibu ilipata GB 960 mbili zenye kapasita, moja ya kampuni hii na nyingine ya kampuni ile. Mafaili ya pamoja yalibaki kwenye diski za kawaida alizokuwa nazo. Kamera zilikwenda kwenye rekoda ya peke yake. Ile TB 1 aliyokuja nayo niliifunga kwenye kompyuta yake ya mezani.

Siku ya kukabidhi, kabla ya kuingiza vitabu vya kweli, niliweka kanzidata ya majaribio na programu ndogo inayoandika ankara za uongo mfululizo, huku kompyuta nyingine ikirekodi kila namba iliyothibitishwa kuwa imehifadhiwa. Nikamwambia mama achomoe waya nyuma ya seva yeye mwenyewe. Alisita kwanza, kisha akavuta. Tukawasha, tukalinganisha namba ya mwisho kwenye kompyuta ya pili na ya mwisho kwenye kanzidata. Ilikuwemo. Akataka kuvuta tena, na tena, na mara zote tatu ilikuwemo. Ndipo tukarudisha UPS mahali pake na kuanza kuhamisha vitabu.